Kila neno na baraza lake: Mafundi wa programu huria wanavyozungumza bila kupotezana

Wafanyabiashara wa mahindi hawajaisahau Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wakati huo nilikuwa ndani ya makundi matatu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa njia ya Arusha hadi Namanga. Picha ya masharti hayo ilifika katika kundi mojawapo jioni ile ile. Ilifika ikiwa imebanwa katikati ya tangazo la msiba, sauti ya dakika nne ya mtu aliyedai mpaka umefungwa tena, picha za gari linalouzwa na video ya mhubiri. Kesho yake akanipigia mama mmoja ambaye lori lake lilikuwa limeegeshwa Namanga na mahindi juu.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi, hebu niambie ile karatasi ya Kenya imesemaje. Huku kwenye kundi kila mtu ana lake."

Nilirudi nyuma kwenye ujumbe kwa zaidi ya dakika 20 kabla ya kuiona. Dereva na utingo wake walikuwa wakihesabu siku, na kila anayesafirisha mzigo anajua siku ya lori kusimama ina bei yake. Taarifa aliyoihitaji mama yule alikuwa nayo ndani ya simu yake mwenyewe tangu usiku uliopita. Ilikosa mahali pa kukaa ili ionekane.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza watu mbalimbali jinsi kundi kubwa linavyoweza kuzungumza bila kuzama katika maneno yake lenyewe. Jibu bora nililipata kwa watu ambao hawauzi mahindi wala vitenge. Ni mafundi wa programu huria, na kama simu yako ni ya Android, basi kazi yao unatembea nayo mfukoni.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Maarufu kuliko zote ni Linux. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwaandikia watu asiowajua katika jukwaa la majadiliano la kompyuta kwamba anatengeneza mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, na akaomba maoni. Alidhani ni jambo la kupitishia muda. Leo Linux ndiyo iliyo chini ya Android, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo huwa na kazi ya mikono ya watu zaidi ya 1,000. Hawana jengo wanalokutana. Wengine ni waajiriwa wa kampuni zinazoshindana vikali sokoni, wengine wanajitolea tu.

Wanaendesha kazi hiyo kwa barua pepe. Ndiyo, barua pepe za kawaida, zisizo na picha wala rangi. Barua iliyopambwa hurudishwa na mtambo. Ukiandika kwenye orodha yao, barua yako inawafikia wote waliojiandikisha, na nakala inawekwa hadharani kwenye kumbukumbu ambayo hata asiye mwanachama anaweza kuisoma miaka 20 baadaye.

Barua hizo ni mamia kwa mamia kila siku, na hakuna binadamu anayezisoma zote. Kwa hiyo wamefanya kile ambacho soko lolote kubwa hufanya. Pale Kariakoo anayetafuta nguo huelekea Mtaa wa Kongo, wa vipuri huenda Gerezani, na hakuna anayesimama katikati ya barabara kuulizia beringi kwa muuza kanga. Ndani ya Linux kuna faili moja refu linaloorodhesha kila sehemu ya programu, nani anaisimamia, na barua zake zipelekwe orodha gani. Mwenye shida ya mtandao ana orodha yake, mwenye shida ya namna faili zinavyohifadhiwa ana ya kwake. Kabla ya kutuma, unatazama faili hilo. Usipotazama, mtu atakuelekeza, na si lazima kwa upole.

Upole huo una historia yake. Kwa miaka mingi orodha kuu ya Linux ilisifika kwa matusi, na Torvalds mwenyewe alikuwa kinara. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni za mwenendo. Nalitaja kwa kuwa makundi yetu pia hupoteza watu wazuri hivyo. Mzoefu anaulizwa jambo dogo, anajibu kwa kejeli, na yule mgeni hathubutu kuuliza tena mpaka siku mzigo wake utakapokamatwa.

Mlango wa tangazo, mlango wa swali

Mpangilio ulionivutia zaidi ni wa Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 unaokusanya Linux na maelfu ya programu nyingine kuwa mfumo mmoja wa kompyuta. Debian wana orodha ya matangazo peke yake. Humo mwanachama wa kawaida haandiki. Anapokea tu, na barua ni chache kiasi kwamba ikija, unaifungua. Matangazo ya usalama yana orodha yake. Watumiaji wenye maswali wana yao, tena kwa lugha mbalimbali: Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na nyinginezo. Wanaojenga mfumo wenyewe wana yao, na huko mabishano ni marefu kama kesi ya mpaka wa shamba.

Kisha kuna kitu ambacho ningependa kila chama cha wafanyabiashara kikiige. Mtu akiripoti hitilafu katika Debian, hitilafu ile inapewa namba, na namba ile inapata anwani yake ya barua pepe. Kila atakayesema lolote kuhusu tatizo hilo anaandika kwenye namba hiyo. Miezi sita baadaye mtu mwingine mwenye tatizo lile lile anafungua namba na kusoma kisa chote: nani aliliona kwanza, lilijaribiwa nini, nani alilitatua, au kama bado liko wazi. Kwa aliyewahi kulipia serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, hili si geni. Namba moja, shauri moja, na kila kinachohusiana nalo kinakwenda pale.

Linganisha na sisi. Sijui ni mara ngapi nimeona kwenye makundi ya mpakani swali la kiwango cha mwisho cha mzigo unaopita kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jibu halijabadilika muda mrefu: mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Swali linaulizwa wiki baada ya wiki, linajibiwa na watu wanne kwa majibu matatu, kisha linazama. Kwa mafundi, swali la namna hiyo huandikiwa jibu mara moja, linawekwa mahali panapojulikana, na anayeuliza anaelekezwa huko.

Saa 72

Naliona hili kuwa ndiyo kiini cha mambo yote.

Mwaka 1995 watu wanane walianza kushirikiana kwa barua pepe kutengeneza programu ya kuendeshea tovuti iitwayo Apache. Mwaka 1999 wakaunda taasisi, Apache Software Foundation, ambayo sasa ina mamia ya miradi. Mmojawapo unaitwa Fineract. Ni programu ya kuendesha akaunti za akiba na mikopo, iliyotumiwa na taasisi za mikopo midogo katika nchi nyingi, na mizizi yake ni mradi wa Mifos ulioanzishwa na Grameen Foundation. Mfanyabiashara anayekopa mtaji katika taasisi ndogo anaweza kuwa ameandikwa ndani ya programu ya aina hiyo bila kujua.

Apache wana msemo wao, na maana yake ni kwamba jambo lisilotokea kwenye orodha ya barua halikutokea. Mmeongea kwa simu? Vizuri. Mmekutana kwenye mkutano mkakubaliana mkinywa kahawa? Vizuri pia. Lakini mpaka mmeliandika kwenye orodha ya wazi, ambapo wenzenu wote wanaweza kulisoma na kulipinga, hakuna uamuzi. Kura zao kwa kawaida hukaa wazi si chini ya saa 72. Anayekubali anaandika +1, asiye na upande anaandika 0, anayepinga anaandika -1. Kwa mabadiliko ya programu yenyewe, -1 ya mwanachama mwenye kura inasimamisha jambo, mradi atoe sababu ya kitaalamu. Kukataa tu kwa sababu hukupenda hakuhesabiwi.

Kwa nini saa 72? Kwa sababu mmoja analala wakati mwingine anaamka. Kwa sababu mmoja ana mwajiri na anaweza kusoma barua usiku tu, na mwingine anasafiri au ana mgonjwa hospitalini. Siku tatu zinampa kila mmoja nafasi ya kusema kabla jambo halijafungwa.

Mimi nimeona kundi likipitisha azimio la kutopeleka bidhaa upande wa pili kwa wiki nzima, saa tano usiku, kwa sauti za watu watano waliokuwa macho. Asubuhi watu waliokuwa wamekwisha kupakia mizigo yao wakaambiwa ni wasaliti. Nyanya hazingoji azimio lingine. Yule aliyekuwa barabarani kutoka Ngarenaro na simu imeisha chaji hakuwa msaliti wa mtu, hakuwa ameulizwa.

Kijiwe na mwenye kijiwe

Isieleweke kwamba mafundi hawa hawapigi soga. Wanapiga sana. Mwaka 1988 huko huko Finland, katika Chuo Kikuu cha Oulu, Jarkko Oikarinen alibuni IRC, njia ya watu wengi kuandikiana papo kwa papo, na kwa miongo mitatu IRC ndiyo ilikuwa kijiwe cha programu huria. Kijiwe kina kazi yake. Mgeni anauliza swali dogo bila kuogopa, watu wanatambuana tabia, tatizo la haraka linatatuliwa kwa dakika tano. Ila kijiwe husahau, na aliyekuwa hayupo hakuambulia kitu. Ndiyo maana miradi yenye utaratibu inasema: ongeeni kijiweni, mkifikia jambo lenye uzito lipelekeni kwenye orodha.

Kijiwe kina mwenyewe pia, na somo hilo lilikuja kwa gharama. Vijiwe vingi vya programu huria vilikuwa ndani ya mtandao mmoja wa IRC ulioitwa Freenode. Mei 2021 kukazuka ugomvi juu ya nani anaumiliki. Tarehe 19 wafanyakazi wake wa kujitolea walijiuzulu kwa mkupuo na kufungua mtandao mwingine, Libera Chat, siku hiyo hiyo. Miradi ikaanza kuhama. Wiki moja baadaye uongozi wa Freenode ulitwaa mamia ya vijiwe vilivyokuwa vimetaja Libera kwenye maelezo yao. Watu walioendesha vyumba vile kwa miaka wakajikuta nje ya mlango.

Waliokuwa wameweka maamuzi yao, anwani zao na kumbukumbu zao mahali pengine walihama ndani ya siku chache bila kupoteza kitu cha maana. Ubuntu na Wikimedia ni miongoni mwa waliohamia Libera. Waliokuwa na kijiwe peke yake walipata tabu zaidi kuwakusanya watu wao. Jiulize sasa: kundi lenu la mpakani msimamizi ni nani? Yuko mmoja? Simu yake ikiibiwa, au akigombana na wenzake akawatoa, nani ana orodha ya wanachama iliyoandikwa kwenye daftari?

Jambo lisilotangazwa mapema

Uwazi wao hata hivyo una mlango mmoja unaofungwa. Anayegundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia kuingia kwenye kompyuta za watu hatakiwi kulitangaza barazani kabla halijazibwa. Linux ina anwani ya siri ya kupokea taarifa hizo. Iko pia orodha ya faragha ya wasambazaji wa Linux, na humo siri haikai milele: mwisho ni siku 14, baada ya hapo jambo linawekwa hadharani. Siri yenye tarehe ya kumalizika ni wazo zuri kwa chama chochote chenye kamati.

Mlango huo ulionyesha thamani yake Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde tu. Alifuatilia, akakuta kwamba programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, imetiwa mtego wa kumruhusu mtu fulani kuingia kwa siri katika mitambo. Akawaarifu kwanza watu wa usalama wa Debian na ile orodha ya wasambazaji kwa faragha, kisha tarehe 29 Machi akaandika hadharani. Mtego ulizimwa kabla haujaingia katika matoleo thabiti yanayotumiwa na wengi.

Baada ya hapo watu walifungua kumbukumbu za orodha ya barua ya mradi ule mdogo, na kisa chote kikawa wazi. Msimamizi alikuwa mtu mmoja, aliyechoka, aliyekuwa akifanya kazi bila malipo. Mwaka 2022 walijitokeza watu wasiojulikana wakimlalamikia kwenye orodha kwamba kazi inakwenda polepole, kwamba awapishe wengine. Wakati huo huo mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa akileta viraka vizuri, mchapakazi, mpole. Hatimaye akapewa ufunguo, na ndiye aliyetia mtego. Hadi leo hajulikani ni nani.

Kisa hiki kina pande mbili, na watu hupenda kusimulia mmoja. Orodha ya wazi haikumlinda msimamizi yule. Ilitumiwa kumsukuma, na hakuna mwanachama aliyesimama kuuliza hawa wanaolalamika ni akina nani. Lakini kwa kuwa kila neno lilihifadhiwa, njia ya mwizi ilionekana hatua kwa hatua, na wasimamizi wa miradi mingine wakajifunza kutazama sauti za namna hiyo. Wafanyabiashara wa mpakani wanawajua akina Jia Tan wao: anaingia kwenye kundi, anasaidia miezi sita, anaaminiwa kukusanya fedha za mzigo wa pamoja, kisha namba haipatikani.

Kwetu huku mambo haya si ya mbali sana. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya Januari 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi, baada ya watu waliokuwa nchi tofauti kuunganishwa na mazungumzo ya mtandaoni. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 kisha Rwanda, na mijadala yake iko wazi kwa yeyote. Mijadala hiyo ni ya Kiingereza, nalo ni tatizo. Fundi wa Kigoma mwenye jibu zuri hatalitoa ikiwa anaona aibu kuliandika. Katikati ya miaka ya 2000 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na hata huko kazi kubwa ilikuwa kukubaliana neno lipi litumike wapi.

Moja ya yale makundi yangu matatu limejaribu kujipanga upya mwaka jana. WhatsApp tangu mwishoni mwa 2022 inaruhusu makundi kadhaa kukaa chini ya paa moja, likiwemo la matangazo ambalo wasimamizi tu ndio wanaoandika. Wasimamizi sasa ni watatu, mmoja upande wa Kenya. Hakuna tangazo bila picha ya barua yenyewe na tarehe yake. Kuna kundi la maswali, na kuna jingine waliloliita Kijiwe, ambako misiba, mahubiri na magari yanayouzwa yamehamia. Maamuzi yanasubiri siku tatu, isipokuwa ya mzigo unaooza, na hapo bado wanabishana nani anapima kuoza.

Haijakaa sawa. Katibu wa kwanza aliacha baada ya wiki sita akisema watu wanamtumia maswali faraghani saa nane za usiku. Wazee wawili walikasirika kwamba tangazo la msiba limepelekwa Kijiwe, wakaona ni dharau, na ilibidi msiba urudishwe kwenye matangazo. Kazi ya kutoa namba kwa kila shauri ameichukua yule mama wa mahindi. Anaziandika kwenye daftari la mistari, kisha analipiga picha kila Ijumaa na kuliweka kwenye kundi la maswali.

Wiki iliyopita aliweka ukurasa mpya. Shauri namba 31 ni mchele uliozuiliwa kwa sababu jina kwenye cheti halikufanana na la kitambulisho. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: limeisha, soma namba 12.